Biskuti zenye chokoleti ndani: zikiharibika, anzia hapa

Mapishi mengi ya biskuti hizi yameandikwa katika nchi za baridi. Yanakwambia uache siagi mezani ilainike "kwa joto la chumba", na huko chumba kina nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Kwetu Unguja na Pemba, kaskazi ikishika mwezi wa Februari, jikoni mna nyuzi 30 na zaidi hata oveni haijawashwa. Siagi huwa mafuta kati ya nyuzi 32 na 35. Chokoleti ya kweli huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana huyeyuka mdomoni. Mtu akilalamika kwamba biskuti zake zimeharibika, kidole hukielekeza kwenye oveni, lakini mara nyingi zilishaharibika mezani, robo saa kabla ya kuingia motoni. Basi kabla hujanunua oveni mpya, jifunze kutumia friji na friza. Hilo ndilo utakaloliona likijirudia huku chini, maana ndilo lenye kuokoa trei nyingi kuliko jingine lolote.

Ili tuzungumze kitu kimoja, vipimo vyetu ni hivi: unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 170, sukari gramu 150 (nusu nyeupe, nusu ya kahawia), yai moja kubwa, magadi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na arki ya vanila kidogo. Hutoka biskuti 16. Kila kinyunya kina gramu 40 za mchanganyiko wa unga, na ndani yake chokoleti gramu 10. Moto nyuzi 180, dakika 12 hadi 14. Mapishi yako yakiwa mbali sana na vipimo hivi, huenda kasoro unayoitafuta ni ya mapishi yenyewe na mkono wako hauna kosa.

"Chokoleti yote imemwagika kwenye trei"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Biskuti inatoka na tundu ubavuni, na chokoleti imeungua chini yake kama lami. Sababu zake nazipanga kuanzia inayotokea sana.

Ya kwanza, chokoleti iliingia ikiwa laini. Chokoleti ya kupaka, ile ya kopo, ikichotwa na kuwekwa moja kwa moja ndani ya unga, haina subira. Unga wa nje haujashika umbo, ya ndani imeshakuwa uji na inatafuta njia. Dawa yake: tandaza karatasi ya kuokea juu ya sahani bapa, chota vijiko vya gramu 10, bonyeza kila kimoja kiwe kama shilingi nene, kisha weka friza saa moja na nusu hadi mbili. Chokoleti ya kupaka haigandi ikawa jiwe, lakini hukaza vya kutosha kushikika. Nje ya friza inarudi kulainika ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo usitoe sahani nzima. Toa nne, zifunge, rudisha vinyunya friza, ndipo utoe nne nyengine. Wanaoona hatua hii inawachelewesha ndio wanaosugua trei jioni.

Kama friza yenu ndiyo inayouzia barafu na malai, ikifunguliwa na watoto kila dakika mbili, weka sahani chini kabisa na nyuma, na uiache muda mrefu zaidi. Jaribu kwa kidole: ukibonyeza katikati na kidole kikazama, bado.

Ya pili, mshono haukufungwa. Wengi hukunja unga juu ya chokoleti na kuacha mstari unaoonekana kwa macho. Mstari huo ndio mlango. Gawa gramu 40 sehemu mbili, moja kubwa kidogo ya chini na moja ya juu. Weka chokoleti katikati ya ile ya chini, funika, halafu finya ukingo wote na uviringishe taratibu kiganjani kama unavyofunga kababu zenye yai ndani, mpaka usione tena pa kuunganishia. Ukiona rangi ya chokoleti inachungulia, chukua kipande kidogo cha unga uzibe hapo hapo. Mshono uwe juu kwenye trei. Chini ndiko kunakopata moto wa kwanza, na mshono uliolalia trei hufunguka mapema.

Mikono ikiwa moto au inatoka jasho, unga huteleza na mshono haushiki. Osha mikono kwa maji ya baridi, futa ikauke kabisa, endelea. Unyevu wa mikono nao una madhara, nitayaeleza kwenye chokoleti inayogeuka chenga.

Ya tatu, chokoleti ni nyingi mno kwa unga uliopo. Robo ya uzito wa unga inatosha. Watu wanapenda kujaza, hasa biskuti za kuuza, ili mteja akimega aone ukarimu. Ukitaka chokoleti gramu 15, unga nao uende gramu 60, na muda uongezeke dakika mbili au tatu.

Ya nne, kilichomo ndani kina maji. Ukichanganya chokoleti na maziwa, krimu au tui, kuna maji humo, na maji yakipata moto huwa mvuke, na mvuke lazima utoke. Ujazo wa tui zito ni mtamu sana kwenye biskuti hizi na ningependa watu wa visiwani wautumie zaidi: tui la kwanza mililita 60, ulipashe huku ukilikoroga lisikatike, na kabla halijachemka ulimimine juu ya chokoleti nyeusi gramu 100 iliyokatwakatwa. Acha dakika mbili, koroga mpaka ing'ae. Lakini huo ni wa kugandisha usiku kucha, na kila biskuti uitie gramu 8 tu. Tui huchacha, kwa hiyo biskuti za namna hii ziliwe siku hiyo hiyo au zikae friji.

Ya mwisho, na si ya kawaida kama watu wanavyodhani, ni oveni yenye moto mkali kupita kiasi. Namna ya kuijua iko chini, kwenye biskuti zilizoungua.

"Zimetambaa, zimeungana zote zikawa mkate mmoja"

Angalia kwanza hali ya mchanganyiko kabla ya kuoka. Weka kinyunya mezani dakika tano. Kama kimeanza kung'aa juu na kukaa chini, siagi imeshayeyuka, na hakuna oveni itakayokisimamisha. Kiache friji saa nzima, au friza dakika 20, kisha oka kikiwa cha baridi. Siagi yenyewe toa friji dakika 10 tu kabla ya kuichapa na sukari wakati wa joto. Iwe inabonyezeka ikabaki na alama ya kidole, isiwe inateleza. Ikishang'aa mafuta, irudishe, usiendelee kwa matumaini.

Ikiwa ulivipoza vinyunya vizuri na bado zinatambaa, uliza mafuta gani umetumia. Hapa ndipo waokaji wazuri wa vileja wanapopotea. Kileja kinataka samli na kinapendeza nayo, basi mtu anaona samli itafaa na huku. Siagi ina maji asilimia 16 hivi, samli haina. Gramu 170 za samli ni mafuta mengi kuliko gramu 170 za siagi, na tena huyeyuka kwa haraka. Ukitaka harufu ya samli, tia gramu 140 na vijiko viwili vya mezani vya maziwa ya baridi, na muda wa kukaa friji uwe mara mbili. Majarini laini ya kopo, ile ya kupaka mkate, inatofautiana kopo kwa kopo. Nyengine zina maji mengi na biskuti hutoka bapa, zimelegea. Tumia ile ya kipande, inayokatika kwa kisu.

Kisha unga. Kikombe cha mililita 250 kikichotwa kwa kushindiliwa kina gramu 150 hivi. Kikijazwa kwa kijiko bila kushindilia kina 125 au 130. Kwenye vikombe viwili na nusu tofauti hiyo ni gramu 50 au zaidi, yaani biskuti nyengine kabisa. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huu siku moja, na kwa anayeuza ni lazima awe nayo.

Trei nayo. Trei iliyotoka motoni ikiwekwa vinyunya vipya huyeyusha siagi kabla haijarudi ndani. Kuwa na trei mbili, au ipitishe moja chini ya bomba na uifute.

Oveni yenye moto mdogo hutambaza pia, kwa sababu siagi inayeyuka kabla unga haujashika. Kama dakika ya nane biskuti bado zinatiririka na hazina hata alama ya kukauka pembeni, pima moto.

"Chini nyeusi, juu mbichi"

Kwa oveni ndogo za mezani, trei iko karibu mno na koili ya chini. Ipandishe daraja moja. Haina daraja jengine? Pachika trei mbili moja juu ya nyengine, nafasi ya hewa kati yao inapunguza ukali. Trei nyeusi zinashika moto zaidi kuliko za alumini zinazong'aa, kwa hiyo kwenye trei nyeusi punguza nyuzi 10 hadi 15. Karatasi ya kuokea inasaidia kidogo, na inaokoa trei endapo chokoleti itavuja.

Halafu fahamu kwamba namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni si ahadi. Oveni nyingi za nyumbani hukosea kwa nyuzi 15 au 20 juu au chini. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ndiyo njia bora. Kama huna, sukari itakwambia, maana sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka oveni kwenye 175, isubiri ishike moto vizuri, ingiza kijiko kimoja cha sukari juu ya karatasi ya foili, dakika 15. Sukari ikiyeyuka, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Ikibaki chenga, pandisha mpaka 190 na sukari mpya, dakika 15 nyengine. Sasa isipoyeyuka, oveni yako ni dhaifu. Baada ya hapo unajua kama uongeze au upunguze, na unaandika kwenye kipande cha karatasi ukakibandika ubavuni mwake.

Upande mmoja tu ukiungua, panga slesi za boflo zijae waya mzima wa oveni, moto 180, dakika 10. Zitakazokuwa nyekundu zinakuonesha pembe yenye moto. Igeuze trei katikati ya muda, dakika ya saba, usifungue kabla ya hapo.

Anayeoka kwa mkaa, sufuria lenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, kosa lake karibu kila mara ni kupalia chini kwingi. Juu kuwe na makaa mengi, chini kidogo, kiasi cha theluthi moja. Mchanga uwe mkavu na upate moto kwanza, na trei au sahani isiguse mchanga, iinue kwa vijiwe vitatu au kipande cha chuma. Oka vinyunya vinne au vitano kwa mara moja, na vitoke friza vikiwa vigumu kabisa, kwa sababu moto wa mkaa ukianza hauna kitufe cha kushusha. Inawezekana vizuri, na biskuti hutoka na harufu ambayo oveni ya umeme haina.

"Imepasuka juu" na "imekuwa ngumu kama kokwa"

Nyufa ndogo juu ni kawaida na ni nzuri. Ufa unaofika kwenye chokoleti maana yake unga ulikuwa mkavu: ama umezidi, ama mchanganyiko ulikaa friji bila kufunikwa ukakauka ngozi. Funika kwa nailoni iliyogusana na unga wenyewe. Kinyunya kikikatika unapokiviringisha, tia kijiko kimoja cha chai cha maziwa kwenye mchanganyiko, si zaidi, uchanganye kwa mkono.

Ugumu unatokana na kuchanganya kupita kiasi baada ya unga kuingia, au kuoka mpaka biskuti ionekane imeiva katikati. Unga unaouzwa kwa chapati na maandazi una nguvu, ukiukanda unavuta, na hapa hatutaki uvute. Changanya mpaka usione unga mkavu, acha hapo. Toa biskuti pembeni zikiwa zimeshika na rangi, katikati bado laini. Zinaendelea kuiva juu ya trei dakika tano au zaidi nje ya oveni, na aliyengoja zikauke ndani atapata mawe.

"Chokoleti nilipoiyeyusha imegeuka chenga"

Tone la maji. Mvuke wa sufuria la chini, kijiko kilichotoka kuoshwa, au jasho la mkono lililoanguka bakulini. Chokoleti haina maji ndani yake, na maji machache huifanya sukari na kakao zishikane madonge. Usiitupe. Ongeza maji ya moto au tui la moto, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, ukikoroga kwa nguvu, itarudi kuwa laini. Haitafaa tena kuchovyea, lakini kwa ujazo wa ndani inafaa, ukiigandisha usiku kucha kama ule wa tui.

Ikiwa inanuka moshi, imeungua, na hiyo haina dawa. Chokoleti nyeusi isipite nyuzi 50, ya maziwa na nyeupe isipite 45. Njia salama: chemsha maji kidogo, zima moto, weka bakuli juu bila kugusa maji, koroga. Jikoni kwetu joto la hewa lenyewe linasaidia nusu ya kazi.

Kuhusu kununua: soma nyuma ya pakiti. Ikiandikwa siagi ya kakao, ni chokoleti ya kweli, ina ladha bora na huyeyuka mapema. Ikiandikwa mafuta ya mboga au mawese badala yake, huvumilia joto zaidi na haileti tabu wakati wa kufunga, ila ladha yake ni ya nta kidogo. Kwa biskuti za kuuza barazani mchana wa jua, sioni ubaya kutumia ya pili. Kwa Sikukuu, kwa wageni wako, tia ya kweli.

"Nimemega, ndani hamna kitu"

Mara nyingi chokoleti ipo, imeingia ndani ya unga. Kipande kilikuwa chembamba au kilikatwa vipande vidogo vidogo vikatawanyika. Tumia kipande kimoja kinene. Vidonge vidogo vya chokoleti vya kuokea vimetengenezwa vishike umbo lao, kwa hiyo havitatiririka hata ukivitia lundo.

Kama ipo lakini imekuwa ngumu baada ya kupoa, hiyo ndiyo tabia ya chokoleti ya kipande: huganda tena. Anayetaka itiririke siku ya pili atumie ya kupaka, au ile ya tui, au apashe biskuti moto dakika tatu kwenye nyuzi 150 kabla ya kuandaa.

Na hapa tahadhari kwa wenye watoto. Biskuti ikitoka, ganda lake hupoa haraka na mtoto ataishika bila kulia, lakini chokoleti ya ndani bado inachoma ulimi na koo. Zisitoke jikoni kabla ya dakika 15. Mtu akiungua mkono kwa trei, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, basi. Usipake dawa ya meno wala samli. Malengelenge makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kuungua usoni, ni safari ya hospitali.

"Asubuhi zimelainika zote"

Hewa yetu ina unyevu mwingi, masika zaidi, na sukari hufyonza unyevu huo usiku kucha. Biskuti zilizofunikwa kwa kawa zimekingwa na nzi, hazikukingwa na unyevu. Ziache zipoe kabisa juu ya waya, kwa sababu zikifungwa zina joto zitatoa mvuke na kujilainisha zenyewe, kisha tia kwenye kopo linalofunga vizuri. Zikishalainika, nyuzi 150 kwa dakika tano, zipoze, zile siku hiyo.

Bora zaidi: usioke zote. Vinyunya vilivyofungwa vizuri hukaa friza miezi miwili bila kuharibika, na ukivitoa huvisubiri kuyeyuka, unaongeza dakika mbili au tatu tu motoni. Kwa anayepokea oda za Sikukuu hii ndiyo njia ya kupumua. Unatengeneza kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani, na usiku wa kuamkia Idi unaoka tu.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa hukaa baridi saa 48 ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu saa 24, friji saa 4. Vinyunya vikikutwa bado vina barafu, vitarudi friza salama. Vikiwa vimelainika na kushika joto la chumba kwa zaidi ya saa moja au mbili, vitupe, uchungu wa hasara usikudanganye. Mna yai bichi humo. Kwa sababu hiyo hiyo usiwape watoto unga mbichi walambe. Unga wa ngano nao haujapikwa, unaweza kubeba vijidudu hata usipokuwa na yai.

"Zina ladha ya sabuni" ni magadi soda yaliyozidi au hayakuchekechwa yakabaki madonge. Soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking pauda, kwa hiyo aliyekosa moja akatia nyengine kijiko kwa kijiko ataonja matokeo yake. Kujua kama soda au pauda imekosa nguvu, ipime: soda kidogo kwa matone ya ndimu, pauda kwa maji ya moto. Yasipotoa povu papo hapo, nunua mengine.

"Chokoleti ina ukungu mweupe" kabla ya kutumia. Ikiwa ni weupe mwembamba kama vumbi la chaki, ni mafuta au sukari iliyopanda juu baada ya chokoleti kupata joto na kupoa tena, jambo la kawaida kwa mzigo uliosafiri kwa boti na kukaa dukani bila kiyoyozi. Inaliwa bila shida, na ikiyeyuka hutaona tofauti. Ikiwa ni ukungu wenye manyoya au harufu ya kuoza, ni ya jaa.

Mwambie anayekula au mnunuzi kama kuna njugu. Chokoleti nyingi za kupaka zina aina fulani ya njugu, na wako watu ambao mwili wao unazikataa. Mtu akivimba midomo au akaanza kupumua kwa shida baada ya kula, usingoje uone itakavyokuwa, mpeleke hospitali wakati huo huo.

Kasoro za kumwachia fundi

Mpaka hapa yote ni ya kujirekebishia nyumbani. Yafuatayo si yako.

Oveni ikikupiga shoti hata ndogo unapogusa mlango au ubavu wake, izime kwenye swichi kuu ya nyumba kwanza, kisha uchomoe, na usiiguse tena mpaka fundi umeme mwenye leseni aikague pamoja na waya wa ardhi wa nyumba. Sakafu ya jikoni ikiwa na maji na miguu ikiwa mitupu, shoti hiyo ndogo inaua. Usikubali ushauri wa kuvaa ndara na kuendelea.

Plagi ikiwa ya moto kushikika, imebadilika rangi au inanuka plastiki, acha. Oveni ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba yenye friji, feni na chaji za simu juu yake haiwezi. Oveni ipate soketi yake ya ukutani. Soketi ikiwa imelegea au imeungua, ibadilishwe na fundi. Fyuzi ikikatika mara ya pili, usiweke kubwa zaidi wala waya, tafuta kinachoikata.

Ukipima kwa sukari na moto ukawa unapanda wenyewe mpaka biskuti zinawaka, themostati, kifaa kinachodhibiti moto, imekufa. Si ya kufungua mwenyewe. Koili iliyokatika nayo, vivyo hivyo. Rabari ya mlango ndiyo unayoweza kubadilisha mwenyewe kama oveni imechomolewa na imepoa.

Gesi ikinuka: usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usipige simu hapo jikoni, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Ukitaka kujua mpira au regyuleta inavuja wapi, jikoni kukishapata hewa na moto wote umezimwa, paka maji ya sabuni, povu litaonesha. Kamwe usipime kwa kiberiti. Harufu isipokwisha baada ya kufunga mtungi, au husikii tena harufu lakini kichwa kinauma, mko nje na mnawaita Zimamoto.

Mkaa hauwashwi ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ya masika ikinyesha. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu. Kichwa kikianza kugonga, kizunguzungu na kichefuchefu kikiwapata wawili au watatu kwa pamoja, tokeni nje mara moja na muende hospitali, hata kama mtajisikia nafuu mkipata upepo.

Fundi akishamaliza kazi, usikimbilie kuoka oda ya mtu. Washa oveni tupu kwenye 180 kwa saa nzima ukiwa upo, gusa plagi kila robo saa, kisha rudia jaribio la sukari, na uoke vinyunya viwili tu kwanza.